Herufi Tano za Kizungu Hazipimi Akili

Wasee wa Garissa, tuambiane ukweli. Kila asubuhi mnaposti viboksi vyenu vya kijani vya Wordle, na aliyekosa neno anachekwa mpaka jioni. Eti hana akili. Akili gani?

Mchezo wenyewe ni wa 2021, New York Times wakaununua 2022. Neno moja la Kiingereza, herufi tano, unajaribu mara sita. Kama hujawahi kukutana na hilo neno, umeisha. Na wengine wenu mnaguguli orodha ya maneno yenye herufi mnazotaka, halafu mnajigamba!

Cheki Nigel Richards wa New Zealand. 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa haongei. Alikariri maneno tu. Hicho ni kipaji, sawa, lakini kujua lugha ni kitu kingine.

Sasa dogo wa Bulla Iftin anaongea Kisomali nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza darasani, na dugsi anasoma Kiarabu. Huyo ndiye mnamwita mjinga juu ya neno moja?

Kama ni herufi tano, hata sisi tunazo. Mbuzi. Nyama. Samli. Kisomali kinaandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972: hilib ni nyama, caano ni maziwa, nabad ni amani. Mwenye kujua kuunda programu atutengenezee mchezo wetu. Hapo ndio tutaona nani atachekwa.