Mtu Mzima Naye Afunguliwe Mlango wa Teknolojia

Mwenye watoto, kodi ya nyumba na kibarua cha kutwa hawezi kuacha vyote kwa miaka minne akasomee kompyuta. Mafunzo ya watu wazima yaanzie hapo.

Mfano upo New York. Shirika la Per Scholas, lililoanzishwa Bronx mwaka 1995, lilianza kwa kukarabati kompyuta zilizotumika, kisha likageukia kufundisha mafundi. Mwanafunzi halipi ada. Anafungua kompyuta, anabadilisha vipuri, anaunganisha mtandao na kujiandaa kwa mtihani wa cheti ambacho waajiri wanakitambua. Pia anafundishwa kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili. Watafiti wa taasisi ya MDRC waliwagawa waombaji kwa bahati nasibu. Miaka michache baadaye, waliopata nafasi walikuwa na kipato kikubwa kuliko waliokosa.

Waajiri walishirikishwa katika kupanga masomo. Hilo ndilo la kuiga.

Tanzania ina VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo tayari inarasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Fundi simu wa Kariakoo anayeshinda akibadilisha vioo na kuchomelea saketi ameshavuka nusu ya safari. Serikali na kampuni za simu zimlipie masomo ya jioni, zimpime, zimpe cheti, kisha zimwajiri.