Gari la mitumba likiharibika, alaumiwe nani?

Katika risiti nyingi zitolewazo madukani mwetu huwa kuna sentensi moja fupi iliyopigwa chapa chini kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi. Sentensi hiyo haikutungwa na Bunge wala na jaji. Imeandikwa na mwenye duka, au na mpiga chapa aliyeinakili kutoka risiti ya duka jingine. Hata hivyo, nguvu yake katika nyoyo za wanunuzi inazidi ile ya vifungu vingi vya sheria ambavyo Wabunge wetu wamekesha wakivijadili.

Nimeikumbuka sentensi hiyo kwa sababu ya mwalimu mmoja wa sekondari, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyenijia na karatasi mkononi. Alikuwa amenunua gari dogo lililokwisha kutumika kutoka yadi moja jijini Nairobi kwa Sh650,000. Fedha hizo alizikopa katika chama cha akiba na mikopo, nazo zitakatwa katika mshahara wake kwa muda wa miaka minne. Siku ya 19 baada ya kulichukua, gari lilianza kugugumia likipanda mlima wa Mai Mahiu. Giaboksi ilitoa mlio wa chuma kikisagana na chuma, na baada ya hapo gari halikusogea tena. Fundi aliyelifungua alisema kwamba giaboksi ile imekufa, na kwamba haikuanza kufa siku ile. Wenye yadi nao walimwambia mwalimu aisome karatasi aliyoitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo alipokuja kwangu. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni isimu. Lakini karatasi ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, naye alitaka kufafanuliwa maneno machache tu yaliyokuwa karibu na sahihi yake. Maneno hayo yalisema kwamba gari limeuzwa kama lilivyo na mahali lilipo, na kwamba mnunuzi amelikagua na kuridhika nalo.

Nilimuuliza aliambiwa nini siku ya kununua. Aliambiwa kwamba gari halina kazi yoyote, ni kutia mafuta na kwenda. Aliambiwa pia kwamba lilikuwa la mama mmoja aliyekuwa akilitumia kwenda kanisani tu. (Mama huyu wa kanisani, nadhani, ndiye mwenye magari mengi kuliko mtu yeyote nchini Kenya.) Yote hayo aliambiwa kwa Kiswahili. Kila neno la kusifu lilisemwa kwa Kiswahili, na kila neno la kukana liliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, hapo kilifanywa lugha ya kushawishi tu, na mapatano yalipofika kwenye karatasi kikaachwa nje ya mlango. Wala si jambo dogo. Chini ya Sheria ya Ushahidi, mapatano yakishatiwa katika maandishi, mahakama huwa nzito kupokea ushahidi wa mdomo unaopingana na maandishi hayo, isipokuwa panapodaiwa ulaghai au sababu nyingine chache.

Swali la tofauti kati ya kusifu mali na kuiahidi ni la kale. Mwaka 1603, mahakama huko Uingereza ilikata kesi ya sonara aliyeuza jiwe kwa pauni 100, akisema kwamba ni bezoari, yaani jiwe litokalo tumboni mwa wanyama ambalo siku hizo liliaminika kuondoa sumu. Halikuwa bezoari. Majaji walisema kwamba kulitaja tu jiwe kuwa bezoari, pasipo kutoa ahadi kwamba ndilo, hakumpi mnunuzi haki ya kudai chochote. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake juu ya kutenda kwa maneno ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba zipo kauli zinazoeleza jambo na zipo kauli ambazo kuzitamka ni kulitenda jambo lenyewe: kuapa, kuahidi, kudhamini. Majaji wale wa 1603 walikuwa wakiigawa lugha kwa namna hiyo hiyo. Muuzaji aliyesema hakuwa amefungwa na lolote. Aliyedhamini ndiye aliyefungwa. Mnunuzi na ajihadhari mwenyewe.

Ubaya wa kanuni hiyo ni kwamba katika soko la kweli hakuna mtu anayesema, "Mimi nakudhaminia." Watu husema, "Gari hili ni safi." Je, hiyo ni sifa au ni ahadi? Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini methali haimrudishii mtu fedha zake.

Waingereza wenyewe waliilegeza kanuni hiyo katika sheria yao ya uuzaji bidhaa ya mwaka 1893, na kutokana na sheria hiyo tukapata Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika mwaka 1931. Sheria hii inaanza kwa kusema kwamba hakuna sharti lolote la kimyakimya kuhusu ubora wa kitu kinachouzwa. Kisha inafungua milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mnunuzi aliyemjulisha muuzaji kazi anayokitakia kitu, akautegemea ujuzi wa muuzaji ambaye biashara yake ni vitu vya aina hiyo. Hapo kitu sharti kiifae kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha. Mlango wa pili ni wa kitu kilichonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa vitu hivyo. Hicho sharti kiwe na ubora unaostahiki kuuzwa. Lakini mlango huu wa pili una komeo: mnunuzi akikikagua kitu, hawezi kulalamikia hitilafu ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo yule anayelizunguka gari mara mbili, akayapiga teke magurudumu na kutikisa kichwa kama mjuzi, huenda anajidhuru bila kujua.

Sasa, gari kuukuu linastahiki kuuzwa likiwa katika hali gani? Uamuzi wa mahakama za Uingereza hauzilazimu mahakama zetu, ila husikizwa, maadamu maneno ya sheria yalikuwa yale yale. Zipo kesi mbili, zote za magari ya Jaguar, ambazo kila mwenye nia ya kununua gari la mitumba angefaa kuzijua. Katika ile ya mwaka 1965, muuzaji alimwambia mnunuzi waziwazi kwamba klachi inahitaji matengenezo madogo, na bei ikapunguzwa kwa pauni 25 ili mnunuzi ajitengenezee. Matengenezo yakaja kugharimu pauni 84. Mnunuzi alishindwa. Gari lililotumika, ilisemwa, si gari jipya. Mtu atazamie kwamba litamdai matengenezo leo au kesho. Katika kesi ya pili, iliyoripotiwa mwaka 1975, gari lilikuwa na umri wa miaka minane na lilikuwa limekwenda maili 82,000. Muuzaji alilisifu sana. Baada ya wiki tatu tu na maili zipatazo 2,300, injini ilikwama. Mwenye gari wa awali alitoa ushahidi kwamba injini ile ilikuwa imechoka hata kabla ya mauzo. Hapo mnunuzi alishinda.

Tofauti ya kesi hizo mbili ndiyo jibu la swali letu, au angalau nusu yake. Kinachoulizwa ni kama chanzo cha hitilafu kilikuwamo ndani ya gari siku ya mauzo, na kama mnunuzi aliambiwa. Siku ambayo gari liliharibika ni ushahidi wa jambo hilo, si zaidi. Gari lililokufa siku ya pili kwa kuwa mnunuzi aliliendesha bila maji ni msiba wake mwenyewe. Lililokufa siku ya 19 kwa meno ya giaboksi yaliyokwisha kulika zamani ni jambo la kumuuliza muuzaji.

Nusu ya pili inahusu muuzaji ni nani. Katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1957, mtu wa kawaida alimpa mfanyabiashara gari lake la Morris kama sehemu ya malipo ya gari jingine, akisema ni la mwaka 1948, kwa kuwa ndivyo lilivyoandikwa katika kitabu chake cha usajili. Kumbe lilikuwa la 1939. Mahakama ilikataa kumtoza, kwa sababu hakuwa na njia ya kuujua ukweli kuliko mfanyabiashara mwenyewe. Katika kesi iliyoripotiwa miaka minane baadaye, mfanyabiashara mmoja alisema kwamba gari la Bentley limekwenda maili 20,000 tu tangu liwekwe injini nyingine. Lilikuwa limekaribia maili 100,000. Huyo alitozwa. Kauli zote mbili zilikuwa za namna moja kisarufi, lakini mmoja wa waliozitamka kazi yake ilikuwa kujua. Basi ukinunua gari kwa jirani au kwa mwalimu mwenzako, uliza sana, na majibu yaandikwe, kwani milango miwili ya Sura ya 31 imewekwa kwa ajili ya wauzaji walio katika biashara hiyo, na jirani yako atajibu yale aliyoyasema tu.

Kwa muda mrefu Sura ya 31 ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba iliwaruhusu watu kuyafuta masharti hayo ya kimyakimya kwa mapatano ya wazi. Maneno ya "kama lilivyo" yalipata nguvu zake hapo. Kisha Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, ikampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupata habari anazozihitaji, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na hitilafu. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ikafuata mwaka 2012. Vifungu vyake vingi vinafanana mno na vya sheria ya Ontario, Kanada, ya mwaka 2002. Huko watu hununuliana hata vile vyombo vya injini vinavyoteleza juu ya theluji, na bila shaka navyo humfia mtu porini siku ya tatu. Sheria ya kulinda mnunuzi wa nchi ya barafu imekuja kumhudumia aliyekwama Mai Mahiu, wala haikupoteza maana njiani.

Sheria hiyo inasema kwamba mfanyabiashara anahesabiwa kuwa amedhamini kwamba bidhaa yake ina ubora unaostahiki kuuzwa. Inaendelea kusema kwamba sharti lolote, liwe ndani ya mkataba au nje yake, linalokusudia kuikana dhamana hiyo, ni batili. Tena inauhesabu kuwa uongo usioruhusiwa ule usemi kwamba kitu kimetumika kidogo kuliko kilivyotumika kwa kweli. Wanaozirudisha nyuma mita za kilomita na walisikie hilo. Wala yadi haijiokoi kwa kusema kwamba gari si lake, kwamba limeletwa tu liuzwe, kwa maana sheria inamhesabu wakala kuwa muuzaji pia.

Kwa hiyo sentensi ile ya karatasi ya mwalimu, iliyonunua kimya cha wengi, haina nguvu mbele ya sheria pale inapodai kuikana dhamana hiyo. Bado inafanya kazi kwa kuwa husomwa na mtu asiyejua kwamba imebatilishwa. Hapa nawalaumu wanasheria wetu, na sisi wanaisimu pia hatuna udhuru. Tumetunga istilahi za sintaksia hadi zikatuchosha sisi wenyewe, ilhali mnunuzi wa gari hana mkataba hata mmoja wa Kiswahili wa kutia sahihi.

Watu wengine huitegemea hati ya ukaguzi. Magari ya mitumba yaingiayo nchini, mengi yakitoka Japani, hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka minane, na hukaguliwa huko yatokako kabla ya kupakiwa melini. Huo ni utaratibu mwema. Lakini hati hiyo inasema gari linafaa kwenda barabarani siku lilipokaguliwa. Haisemi lolote juu ya miaka mitano ya barabara zetu, na gari la mwalimu lilikuwa limekwisha kupita mikono miwili humu nchini.

Zamani ningemwambia asamehe tu, kwani gharama ya wakili ingeimeza ile giaboksi. Tangu mwaka 2021, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, imekuwa ikisikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na inatakiwa kuyakata katika siku 60. Mtu anaweza kusimama mwenyewe. Ugumu unaobaki ni ule wa ushahidi: aonyeshe kwamba ugonjwa ulikuwamo siku ya mauzo, na kwamba si yeye aliyeuleta.

Nilimuuliza kama ana chochote cha kuonyesha. Akatoa mkobani daftari la maazimio ya kazi. Katika ukingo wa kurasa, kando ya mada za juma, alikuwa ameandika kilomita za kila safari, mafuta aliyotia, na tarehe aliposikia mlio kwa mara ya kwanza, jioni ya siku ya tatu, pamoja na saa aliyowapigia simu wenye yadi wakamwambia kwamba mlio huo ni wa kawaida. Fundi wake ameandika taarifa ya ukurasa mmoja, na meno yaliyolika yamo katika mfuko wa plastiki. Madai yamekwisha kuwasilishwa, kwa hiyo mengine nayaacha kwa hakimu.