Presha ikishuka, tusishangilie upesi

Mgonjwa wa presha wa Mwera, wilayani Pangani, akipimwa akakutwa na 90 kwa 60, ndugu hushukuru. Kwa moyo uliokwisha kuchoka, shukrani hiyo ni ya mapema: huenda misuli yake haina tena nguvu ya kusukuma damu. Utafiti wa THESUS-HF wa 2012, wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, ulikuta presha ya juu ndiyo chanzo kikuu cha moyo kushindwa kazi. Wastani wa umri wao, miaka 52 tu. Halmashauri ihakikishe kila zahanati ina mashine nzima ya kupimia, na betri zake (ndiyo, betri). Na kwa kuwa namba ya presha peke yake haitoshi, kadi ya mgonjwa ionyeshe pia uzito, pumzi na uvimbe wa miguu. Dawa zisiachwe kabla daktari hajaamua.