Ukuta wa shaba sebuleni, na magamba ya rangi ya zamani

Rangi ya shaba imeingia Kingolwira. Mwaka huu nimeiona kwenye sebule tatu, ya tatu ikiwa yangu mwenyewe. Kwa kuwa wazazi wenzangu kadhaa wameniuliza kama inafaa, leo niseme nilichojifunza, pamoja na pale nilipokosea.

Siizungumzii rangi ya chungwa ya kawaida. Hii ina mng'ao, kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu. Mara nyingi mng'ao huo hutokana na chembe za ulanga, yaani maika, zilizopakwa oksidi ya chuma. Ulanga si mgeni kwetu: enzi za Wajerumani ulichimbwa kwenye Milima hii hii ya Uluguru.

Kosa langu lilikuwa tamaa. Nilipaka kuta zote nne. Mchana ilipendeza, lakini usiku, chini ya taa nyeupe, sebule ikageuka tope. Wanangu wakaiita pango. Nikarudisha kuta tatu kuwa nyeupe ya maziwa, nikabakiza ule mmoja unaotazamana na dirisha la magharibi, na balbu nikaweka ya mwanga wa njano. Sasa ikifika saa kumi na moja jioni ukuta unawaka taratibu, na hata baba watoto, ambaye kwake rangi zote ni moja, husimama kuutazama.

Ujue pia kuwa mng'ao hausitiri. Plasta yenye mabonde, kiraka cha waya wa umeme, mahali fundi alipoiacha rola akaenda kula: vyote vitaonekana. Puti na praima zipigwe vizuri, kisha ukuta upakwe mpaka uishe bila kupumzika. Na kama makochi yako ni ya mninga, yatapotea mbele ya ukuta huo. Yape vitambaa vyeupe au vya kijani.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Siku ya kwanza ya kazi, fundi alikuta nusu ya chini ya ukuta ina rangi ya mafuta ya zamani, ya chungwa, ile tunayopaka ili alama za mikono ya watoto zifutike. Ilikuwa imeanza kubanduka. Akachukua msasa mkavu. Mwanangu wa mwisho, wa miaka miwili, alikuwa palepale chini akiokota magamba.

"Fundi, subiri kwanza."

"Mama, hii ni dakika kumi tu."

Rangi za mafuta za njano, chungwa na nyekundu ndizo ambazo kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, zimetengenezwa kwa kromati ya risasi ili zikolee. Nasema risasi madini, siyo ya bunduki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye alichomeza, na madhara huenda kwenye ubongo: uwezo wa kujifunza unapungua, umakini unapungua, na mara nyingi hakuna dalili ya kukushtua mapema. Msasa mkavu hugeuza rangi hiyo kuwa vumbi, vumbi linatua sakafuni, mikono ya mtoto inalifuata, kisha mdomo.

Kwa macho huwezi kujua kama rangi ya zamani ina risasi. Tukaichukulia kuwa inayo. Watoto walikwenda kwa jirani siku mbili. Fundi akafunga pua na mdomo, akatandaza turubai, akalowesha ukuta na kukwangua palipobanduka tu. Palipokuwa pameshika tukapafunika kwa praima. Magamba yakafungwa kwenye mfuko, hatukuyachoma. Sakafu haikufagiwa, ilidekiwa mara tatu, na turubai likaoshwa mbali na wanapochezea watoto.

Dukani nako kuna la kuuliza. Nunua kopo lililofungwa, lenye lebo na alama ya ubora ya TBS, na muulize muuzaji kama rangi ina risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa kila milioni. Kwa ukuta wa ndani chagua rangi ya maji. Ile ya kupimiwa kutoka ndoo isiyo na jina iache, hata kama ni bei chee, na usiipake kwenye kitanda cha mtoto pia, maana meno yanapoota kitanda hutafunwa.

Fundi alilalamika kuwa nimemchelewesha siku nzima. Nikamlipa siku hiyo. Juzi alipita kuomba kopo tupu akaonyeshe dukani: anataka kupaka chumba chake, na nyumbani ana mtoto wa miezi minane anayeanza kutambaa.