JIOGRAFIA IANZE MLANGONI

Wanachama wenzetu, twapenda leo kusema neno juu ya mafundisho ya jiografia kwa watoto wa shule za msingi. Mtoto akiulizwa jina la mlima mrefu kupita yote katika Afrika, hujibu mara moja. Akiulizwa maji ya mto anakoteka mama yake yaenda wapi, hunyamaza. Mtoto huyo hakufundishwa jiografia, amekaririshwa majina.

Tutazame Malolo, katika wilaya ya Kilosa. Wenyeji wa huko hulima vitunguu kwa maji ya mto Mwega, yaletwayo mashambani kwa mifereji. Mwalimu wa mahali kama hapo hana haja ya kungoja vitabu vya picha. Na awachukue watoto hata mferejini, waone jinsi maji yanavyokula kingo, na jinsi yanavyoacha mchanga mahali yapunguzapo mwendo. Wapime njia kwa hatua zao, kisha warudi darasani wachore ramani ya kijiji, na upande lichomozako jua wauandike mashariki.

Baada ya hayo waufuate mto kwa kidole. Mwega huelekea Ruaha Mkuu. Ruaha hupita Kidatu, ambako maji yalianza kutoa umeme mwaka 1975, kisha huingia Rufiji. Rufiji hupita bwawa la Julius Nyerere, ambalo mitambo yake ilianza kazi mwaka 2024, hata ukamwaga maji baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia. Waonyeshwe na mto wa pili, Mkondoa, upitao mji wa Kilosa. Huo huingia Wami, na Wami huifikia bahari karibu na Saadani, ng'ambo ya Unguja. Mito miwili ya wilaya moja, na kila mmoja una njia yake! Mtoto akiuliza sababu, ndipo aelezwe jinsi milima igawavyo maji.

Wako wasemao kwamba kufundisha hivi ni kumfungia mtoto kijijini, hali dunia ni pana. Sisi twaona kinyume. Aliyeufuata mto wa kwao hata pwani amekwisha fika Bahari ya Hindi, na huko nchi nyingine zamngoja. Bali aanzaye na bara za mbali hana mahali pa kusimama.

Tena jambo hili si la darasani tu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliivunja njia ya reli baina ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wakakosa makao. Na mwezi wa Desemba mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wilaya hiyo hiyo, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulileta mauti ya watu 38. Hatusemi kwamba somo la ramani lingaliwaokoa. Twasema kwamba ugomvi wa ardhi huota upesi mahali ambapo mpaka wajulikana na watu wachache. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yawapa wanakijiji sauti katika ardhi yao. Lakini asiyeweza kusoma ramani atatiaje sahihi juu ya mpango wa matumizi ya ardhi kwa moyo mweupe? Mwenye ramani ndiye atakayemwamulia.

Mtaala wa mwaka 2023 umeliita somo hili Jiografia na Mazingira. Jina ni jema. Yatupasa kuona kwamba mazingira hayo ni yale mtoto ayakanyagayo kila siku.

Na sisi makarani tufanye nini? Katika ofisi nyingi ramani zimelala makabatini, zikiliwa na mende. Tuwaombe wakubwa wetu idhini, mwalimu wa shule iliyo jirani apate nakala ya ramani ya kata yake. Na yule miongoni mwetu ajuaye kusoma kipimo cha ramani aende shuleni siku moja katika mwezi, awafundishe watoto. Kazi hiyo haina posho, lakini watoto hao ndio watakaogawana maji ya Mwega kesho. Na wagawane wakijua yatokako na yaendako.