Santuri Zimerudi, Tuziweke Wapi?

Naam, ndugu msomaji, santuri zimerudi. Kule Marekani mwaka 2022 zilinunuliwa santuri nyingi kuliko sidii, jambo lisilotokea tangu 1987. Hapa Mombasa nako, vijana ambao hawakupata kuona kinanda cha santuri sasa wanatubishia hodi sisi wazee, wakiulizia taarabu za zamani, zile sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Nafurahi. Lakini furaha yangu ina doa.

Juzi mpwa wangu aliniita kwake ghorofani, Mji wa Kale, nikasikize. Kinanda amekiweka juu ya meza ya kioo katikati ya chumba, na spika mbili ubavuni, meza hiyo hiyo. Mtoto akapita mbio kwenda dirishani kutazama arusi. Sindano ikaruka, ikaikwaruza santuri tangu ukingoni hadi katikati. Ilikuwa ya marehemu mama yangu, na nakala ya pili hatuna. Sikusema neno.

Sindano hukanyaga mfereji wa santuri kwa uzito wa kama gramu mbili tu, na mawimbi inayoyasoma humo mengine ni membamba kuliko unywele. Haiwezi kupambanua sauti ya mwimbaji na kishindo cha mguu. Chochote kinachoitikisa ndicho inachokiimba.

Sasa tazama nyumba zetu. Sakafu ya ghorofa imelala juu ya boriti za mikoko. Mguu ukitua, boriti hunesa, na kila kilichosimama juu yake hunesa nayo. Ukuta ni mambo mengine: mawe ya matumbawe na chokaa, unene unaokaribia nusu mita. Huo hautishwi na mtoto. Basi rafu ipachikwe ukutani, kwa skrubu ndefu zinazopita lipu, ambayo huporomoka kama biskuti, hadi zishike jiwe.

Na rafu yenyewe? Kioo kiondoke, kwani hulia kama kengele, na bati ni nduguye. Marumaru ni nzito, sifa njema, lakini nayo ukiigonga hulia; ilazwe juu ya ubao. Mbao za unga ulioshindiliwa zimetulia sana, ila unyevu wa pwani huzifurisha. Mimi napenda plaiwudi nene, ya inchi moja. Tabaka zake zimegandishwa nyuzi zikipishana, na mlio hufia humo ndani. Mvule pia ni mzuri, lakini jamani msing'oe milango ya watu!

Wako wanaokata kandambili wakaweka vipande chini ya kinanda. Si vibaya: mpira huzima mtetemo mwembamba wa mota na wa spika. Lakini kishindo cha mguu huja polepole, na hicho mpira laini waweza kukizidisha, kama kitanda cha springi. Spika nazo zishuke zikae mbali, maana zikiwa rafu moja na sindano, sauti huirudia sindano, ikatoka tena kwa spika, ikazunguka hivyo hivyo hadi ikawa mvumo mtupu.

Mpwa wangu amekwisha nunua plaiwudi. Fundi aja Jumamosi na pimamaji, kwa kuwa rafu iliyoinama huivuta sindano upande. Sahani zilizobaki nimezizuia kwangu mpaka niione rafu hiyo kwa macho yangu.