Fundi akikwambia ngoja siku mbili, ngoja

Wasee, kuna sentensi moja inanikera sana kwenye vibanda vya kuchomelea hapa Mombasa: "Fundi, gusa tu hapo, nataka kutoka na maji ya alfajiri." Mwenye boti ameleta mhimili wa usukani wenye ufa, na anataka aubebe jioni hiyo hiyo, kwa bei ya kuunga geti.

Lakini geti ni chuma laini, chenye kaboni kidogo. Mhimili mara nyingi ni chuma cha kaboni ya wastani, asilimia 0.3 hadi 0.6. Kaboni hiyo ndiyo huupa nguvu, na ndiyo hiyo hiyo huleta balaa ukiuchomelea. Chuma kinene hunyonya joto upesi, kwa hivyo sehemu iliyo kando ya weldi inapoa ghafla na kuwa ngumu, ya kukatika kama glasi. Ongeza haidrojeni inayotokana na unyevu, kutu na grisi, na ufa mpya unaanza ndani kimyakimya. Unaweza kuja saa nyingi baada ya fundi kulipwa na kufunga kibanda.

Dawa inajulikana. Kiguse chuma na grainda: cheche zikitoa matawi mengi, kaboni iko juu. Saga ufa wote hadi mwisho wake, toa kutu na mafuta. Pasha moto kabla ya kuanza, kama nyuzi 150 hadi 260 za Selsiasi, kulingana na kaboni na unene. Tumia stiki za haidrojeni ya chini kama E7018, zilizokauka vizuri. Na hewa yetu ya Pwani mnaijua. Stiki iliyolala nje ya oveni usiku kucha imeshakunywa unyevu. Ukimaliza usimwagie maji. Funika, kipoe polepole, kisha ngoja saa 48 ndipo ukague nyufa.

Najua mtasema gesi ni ghali na mteja atahamia kibanda cha pili. Kweli kabisa. Ndiyo maana silaumu fundi peke yake. Anayelipa bei ya geti ananunua kazi ya geti, halafu anawapakia watu juu yake.

Tulifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, ila ufa wa chuma hauzibwi kwa kupaka weldi juu.

Mimi niliacha chuo, siwezi kumcheka asiye na cheti. Chuma hakiulizi cheti, kinauliza joto na subira. Kwa hivyo, vijana wa stiki na barakoa, jifunzeni kusema "hii siwezi kwa leo", na hata "hii usichomelee, nunua mpya". Nanyi wenye boti, lipeni hizo siku mbili. Usukani ukikatika huko nje kwenye mawimbi, hakuna abiria atakayeuliza uliokoa shilingi ngapi.